Chungu Kilichovaa Kikapu



Wazee wetu walisema, mfinyanzi hulia gaeni. Maana yake ni wazi: mtu awafinyangiaye wengine vyungu vizuri, yeye mwenyewe hulia chakula chake katika kipande cha chungu kilichovunjika. Methali hii nimeiona ikitimia nyumbani kwetu kwa miaka mingi, na ndiyo sababu naomba nafasi ndogo niwaeleze kazi ambayo mama mkwe wangu na mimi twaifanya: kazi ya kuunganisha chungu na kikapu viwe kitu kimoja. Wengine hutucheka. Wengine hutuuliza, "Hiki ni chungu au ni kikapu?" Jibu langu ni kwamba ni vyote viwili, tena chatulisha.

Mimi ni mzaliwa wa Uheheni, mkoa wa Iringa. Huko wanawake husuka vikapu kwa milulu, yaani majani marefu yaotayo mabondeni penye maji. Mama mzazi alinifundisha nilipokuwa na miaka saba. Nilipoolewa nilishuka huku kando ya Ziwa Nyasa, kwa Wakisi. Huku milima ya Livingstone yashuka kwa ghafula mpaka majini, na mahali pa kulima ni padogo. Kwa hiyo tangu zamani wanawake wa Kikisi wamefinyanga vyungu. Vyungu hupakiwa katika mitumbwi, hupelekwa Matema na mbele zaidi, na zamani vilibadilishwa kwa chakula. Watu wengine walikuwa na shamba la mahindi. Mwanamke wa Kikisi shamba lake lilikuwa udongo.

Mama mkwe wangu ni mmoja wa wanawake hao. Hatumii gurudumu la kufinyangia. Huweka bonge la udongo juu ya kigae, akakigeuza polepole kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili hupandisha ukuta wa chungu. Kisha hulainisha kwa kipande cha kibuyu, na mwisho husugua kwa kokoto laini mpaka chungu king'ae. Kokoto hiyo aliipewa na mama yake. Imelika upande mmoja kwa kazi ya watu wawili, mama na binti.

Lakini wanunuzi walipungua. Sufuria za alumini zilikuwako tangu zamani, ndoo za plastiki zikaja, na bei zake zikawa ndogo. Chungu cha kupikia tulikiuza shilingi 2,000, nacho kimechukua udongo, maji, kuni na siku nyingi za kungoja. Mwaka 2018 mama alianza kusema ya kuwa ataacha. Macho yake nayo yalikuwa yameanza kufunikwa na mtoto wa jicho. Binti yangu mkubwa, ambaye kwa desturi za huku ndiye angepokea kazi ya bibi yake, alisema waziwazi kwamba hataki kuchafuka kwa udongo ili apate shilingi 2,000. Alitaka kwenda mjini kutafuta kazi ya nyumbani.

Siku moja mbuzi wa jirani aliingia uani akararua mdomo wa chungu kilichofinyangwa jana yake. Udongo ulikuwa haujakauka kabisa. Ulikuwa mgumu kiasi, kama ngozi iliyolowa. Desturi ya mama ni kuvunja chungu cha namna hiyo na kuurudisha udongo majini. Nilimwomba anipe mimi. Nikakata sehemu iliyoraruka, nikasawazisha ukingo, nikatoboa matundu kuzunguka pande zote. Chungu kikakauka, kikachomwa pamoja na vingine. Kisha nikachukua milulu niliyoletewa kutoka kwetu, nikaipitisha katika matundu, nikasuka shingo na mdomo mpya. Nia yangu ilikuwa kupata chombo cha kuwekea mayai tu. Mgeni mmoja aliyekuja kutazama vyungu alikiona kikiwa kizimani, akatoa shilingi 20,000.

Hapo ndipo mabishano yalipoanza nyumbani.

Mama alisema, "Mwanangu, chungu kisichoshika maji ni chungu cha uongo. Kila nilichofinyanga mimi kimepika chakula cha mtu." Sikumjibu upesi, kwa sababu neno lake lilikuwa na uzito. Mtu aliyelea watoto wake kwa kazi ya mikono ana haki ya kuuliza: kitu hiki kina faida gani? Lakini nilifikiri sana, nikamwambia baadaye maneno matatu, nami nawaambia ninyi pia.

La kwanza, chungu na kikapu si wageni kwa wenzi wao. Katika nchi za Maziwa Makuu, kama Rwanda, Burundi, Uganda na sehemu za magharibi za Tanzania, wafinyanzi huchukua kamba iliyosokotwa, au ukili mdogo wa nyasi, wakauviringisha juu ya udongo mbichi ili uache alama za pambo. Wachimbuaji wa mambo ya kale wameokota vigae vyenye alama hizo ambavyo umri wake wapata miaka elfu moja. Nyasi zilisokotwa zikaoza zamani sana, bali alama yake ingali katika udongo. Basi mkono wa msukaji na mkono wa mfinyanzi vilikutana kabla yetu.

La pili, kuunganisha vitu viwili mara nyingi hufanya kile ambacho kimoja hakiwezi. Katika kitabu cha Kutoka, mama yake Musa alimweka mtoto katika kikapu cha mafunjo, lakini mafunjo peke yake yangalipitisha maji. Ndiyo maana alikipaka lami. Kadhalika shingo ya chungu ndiyo huvunjika kwanza njiani. Shingo ya milulu haivunjiki. Hujikunja tu, ikarudi.

La tatu, si kila chungu chenye heshima hupika. Yuko mwanamke mfinyanzi, Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950. Alikwenda Uingereza kusoma mwaka 1971, kisha katikati ya miaka ya 1970 alikwenda Abuja, Nigeria, akajifunza kufinyanga kwa mkono. Huko alikuwako Ladi Kwali, mwanamke wa kijiji cha Kwali, aliyefundishwa kufinyanga na shangazi yake tangu utoto. Leo picha ya Ladi Kwali iko nyuma ya noti ya naira 20 ya Nigeria. Vyungu vya Magdalene Odundo havipakwi rangi ya kioo. Husuguliwa mpaka ving'ae, kama afanyavyo mama mkwe wangu, navyo vimewekwa katika jumba la makumbusho la British Museum, London. Hakuna apikaye maharage ndani yake. Watu huvitazama tu, wakaona akili ya mkono.

Mama alisikiliza habari ya noti ya fedha kwa makini kuliko yote. Alinyamaza, kisha akauliza, "Picha ya mfinyanzi? Kwenye fedha?" Kesho yake alinifinyangia vyungu vitatu visivyo na shingo.

Sasa nieleze kazi yenyewe, maana najua wako wasomaji wenye udongo mzuri karibu na nyumba zao, na wengine wenye ukindu, miyaa, mianzi au katani.

Udongo wa mfinyanzi usitumike peke yake. Mama huchanganya vigae vya vyungu vilivyovunjika, baada ya kuvisaga na kuvichekecha. Chenga hizo huzuia chungu kupasuka, kwa kuwa zimekwisha pita motoni wala hazinywei tena. Hivyo hata kigae cha maskini chapata kazi ya pili. Chungu hukaushwa kivulini, polepole, juma moja au zaidi. Ukikianika juani, ngozi ya nje hukauka upesi, ya ndani ingali mbichi, nacho hupasuka.

Matundu hutobolewa udongo ukiwa mgumu kama ngozi. Ukiwa laini mno, tundu hujifunga. Ukiwa mkavu kabisa, ukuta huvunjika. Yatupasa kukumbuka ya kuwa udongo hunywea. Chungu kilicho na upana wa sentimita 30 kikiwa kibichi, chetu hutoka motoni kikiwa na sentimita kama 27. Na tundu nalo hupungua. Kwa hiyo tundu liwe kubwa kuliko ufito utakaopita. Liwe mbali na ukingo kwa upana wa kidole gumba, na baina ya tundu na tundu uwepo upana wa vidole viwili.

Tena hesabu ya matundu iwe witiri, mathalani 21 au 23, kama utasuka kwa uzi mmoja unaozunguka. Sababu yake ni hii: uzi hupita mbele ya ufito mmoja na nyuma ya ufito wa pili. Fito zikiwa witiri, uzi ukimaliza mzunguko na kurudi mahali ulipoanza, utapita upande wa pili, na kazi itashikana. Zikiwa shufwa, uzi utapita palepale kila mara, na kikapu hakitashikana kamwe. Watoto wangu wadogo wamejifunza witiri na shufwa kwa njia hii kabla ya kufundishwa shuleni.

Kuchoma ni kazi ya siku isiyo na upepo mkali. Vyungu hupashwa moto kidogo kwanza, ili maji yaliyobaki yatoke taratibu, kwa maana maji yakigeuka mvuke kwa ghafula hupasua ukuta. Kisha hupangwa, hufunikwa kwa kuni na nyasi kavu. Moto wa wazi wa namna hii hufika baina ya digrii 600 na 900 hivi. Ukipita kama digrii 600, udongo hugeuka kabisa. Hauwezi tena kurudi kuwa tope hata ukilowekwa mwaka mzima.

Kusuka hufuata baada ya chungu kupoa. Milulu hukaushwa, kisha hulowekwa kabla ya kazi ili isikatike. Lakini usiisuke ikiwa imejaa maji mno, maana ikikauka hupungua unene na kazi hulegea. Chungu kikae kikavu kabisa kabla ya kuvalishwa, ili nyasi zisiote ukungu.

Huku mvua ni nyingi sana, hasa mwezi wa Machi hadi Mei. Tumegawa mwaka wetu hivi: wakati wa kiangazi twafinyanga na kuchoma, wakati wa masika, kuni zikiwa zimelowa na moto haufai, twakaa barazani tukisuka. Zamani masika yalikuwa miezi ya kukosa fedha kwa mfinyanzi. Sasa ndiyo miezi ya kumaliza kazi.

Sasa hatutengenezi vyombo tu. Twatengeneza sanamu pia. Iko ya kuku anayeatamia: mwili wake udongo, mabawa na mkia wake milulu. Iko ya mama aliyejitwika mtungi: mama ni wa udongo, mtungi ni wa kusuka, hivi kwamba mzigo ndio mwepesi. Uko mtumbwi wa udongo wenye tanga la kusuka. Ziwa nalo hutuletea vitu vyake. Baada ya dhoruba ufukwe hujaa vipande vya miti vilivyosuguliwa na mawimbi mpaka vikawa laini kama mfupa, na mizizi iliyojipinda. Hivyo huwa mpini, pembe au tawi la kufungia. Mgaagaa na upwa hali wali mkavu, nasi twagaagaa na upwa kweli. Twaokota pia mbegu ngumu, na magome yaliyoanguka yenyewe. Hatubambui gome la mti ulio hai. Kila tuokotacho hukaa juani siku nyingi, maana mdudu mmoja wa mti aweza kula kazi ya mwezi.

Hapa yafaa nionye. Msitumie manyoya ya ndege wa porini, miiba ya nungunungu, meno wala pembe, hata kama mmevikuta vimeanguka njiani. Sheria ya Tanzania ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 yahesabu vitu hivyo kuwa nyara, na mtu hawezi kuwa navyo pasipo kibali. Manyoya ya kuku wa nyumbani ni mazuri, tena hayampeleki mtu mahakamani.

Turudi kwenye fedha, maana nyumba nyingi huvunjika hapo. Sanamu moja nzuri yaweza kutupa shilingi 30,000 au 40,000. Ndugu mmoja wa ukoo alisema: "Chungu bei yake ni 2,000. Mpe mama 2,000, iliyobaki ni ya msukaji." Hesabu hiyo yaonekana sawa, lakini si haki. Kikapu changu peke yangu kisingalipata bei hiyo, wala chungu cha mama peke yake. Bei imetoka katika kukutana kwao. Kwa hiyo twaondoa kwanza gharama za kuni, milulu na nauli, kisha twagawana nusu kwa nusu. Fedha ya mama ni ya mama. Kwa fedha hiyo alikwenda hospitali akapasuliwa jicho moja, nalo laona. La pili twaliwekea akiba.

Hata hivyo neno la mama la kwanza halikuanguka chini. Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipozuia safari, wageni hawakuja. Sanamu zetu zilikaa kizimani miezi mingi, kuku akiatamia pasipo mnunuzi. Katika miezi hiyo vyungu vya kupikia ndivyo vilivyotupa chumvi na sabuni, kwa kuwa jirani hupika hata kama ndege haziruki. Vikapu vya kawaida navyo vilisaidia, maana tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini Tanzania, na watu wengi wamerudia kikapu cha sokoni. Tukaweka kanuni ambayo twaishika mpaka leo: katika kila vyungu kumi, sita ni vya kupikia na maji, vinne ni vya kuvalishwa. Anayetegemea mnunuzi wa mbali peke yake amejenga nyumba juu ya mchanga wa ziwani.

Na binti yangu? Hakuenda mjini. Sikumkataza kwa maneno mengi. Alipoona nusu ya fedha ikihesabiwa mkononi mwa bibi yake, alikaa chini akaomba bonge la udongo. Kwa mwaka wa kwanza vyungu vyake vilikuwa vizito kama mawe. Sasa bibi yake hupitisha vidole ndani ya ukuta, akafumba macho, akasema, "Hapa ni nene. Hapa sawa. Hapa umelala usingizi." Kwa kuwa macho yalikuwa yamefifia miaka ile, mama alijizoeza kupima kwa vidole, na elimu hiyo haimo katika kitabu chochote. Akiondoka mama, itaondoka naye, isipokuwa kwa kiasi kilichokwisha ingia katika vidole vya binti huyu. Kwa maana hiyo sihesabu faida yetu kwa shilingi peke yake.

Labda wengine mtasema, "Huku kwetu hakuna Wakisi wala milulu." Ni kweli, lakini kila nchi ina udongo wake na nyasi zake. Upareni wako wafinyanzi. Ubena kuna mianzi. Pwani kuna miyaa na ukindu. Tazameni mlicho nacho, mkamtafute yule bibi ambaye bado ajua. Msingoje mpaka awe mgonjwa kitandani ndipo mmwulize udongo mzuri wapatikana wapi. Wazee walisema pia: udongo uwahi ungali maji. Methali hii husemwa juu ya kulea watoto, lakini yafaa pia kwa walimu wetu wazee.

Nawasihi wakina mama wenzangu: mkaza mwana na mama mkwe si lazima wawe paka na panya katika jiko moja. Kila mmoja alikuja na kazi ya kwao mikononi. Kaeni, mwonyeshane. Nanyi wakina baba, wakeni zenu wakiomba siku moja ya kwenda kuchimba udongo au kukata milulu, msiseme wanapoteza wakati. Saidieni kubeba, udongo ni mzito.

Kokoto ile ya kusugulia bado iko. Upande mmoja umelika sana. Binti yangu ameanza kutumia upande wa pili.

Ni mimi,
Mkaza mwana wa mfinyanzi,
Kando ya Ziwa Nyasa.